Waya wa Bluu Kwenye Kabati

Kila siku ya shule, kengele ya saa nane ilipolia, Chapuchapu ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka getini. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake darasani, kwa sababu hakuna jambo alilolifanya taratibu. Akila, alimaliza wenzake wakiwa bado wananawa mikono. Akiandika, kalamu ilikimbia mpaka herufi zikapandana. Mwalimu akiuliza swali, mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijafika mwisho, na mara nyingi jibu lake lilikuwa la swali jingine kabisa.

Kutoka shuleni hakwenda nyumbani. Alivuka barabara mbili, akapita kwa fundi viatu na kwenye duka la vitabu, akaingia kituo cha afya kwa mlango wa nyuma. Mama yake alikuwa karani wa mafaili pale. Chumba chake kilikuwa kidogo kama kiberiti: dirisha moja lililotazama ukumbi wa wagonjwa, meza moja, kompyuta moja, na kiti cha plastiki kwenye kona. Kwenye kiti hicho Chapuchapu alifanya kazi zake za shule mpaka saa kumi na moja, mama alipofunga dirisha wakaondoka pamoja.

Ukutani, nyuma ya kiti, palikuwa na kabati dogo la chuma. Tangu mwaka uliopita kituo kilikuwa kimeachana na mafaili ya karatasi. Habari za kila mgonjwa zilihifadhiwa kwenye kompyuta kubwa ya hospitali kuu, upande wa pili wa mji. Kompyuta nne za kituo, yaani ya mama, ya daktari, ya maabara na ya dirisha la dawa, zilizisoma habari hizo kupitia mtandao, na nyaya zake zote zilikutana ndani ya lile kabati. Mama alikuwa na sheria moja tu. "Kiti ni chako, meza tutagawana," alisema, "lakini kabati hilo usiliguse hata kwa pumzi."

Jumanne hiyo Chapuchapu alifika amenuna. Mwalimu wa kompyuta alikuwa amewapa kazi: eleza tofauti kati ya habu, swichi na ruta. Yeye alikuwa ameandika mstari mmoja wakati wa mapumziko, huku akitafuna: "Vyote ni visanduku vyenye taa, vinatofautiana ukubwa tu." Mwalimu alimrudishia daftari likiwa na alama kubwa ya kuuliza kwa wino mwekundu. Darasa zima lilicheka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana hivyo?" Mama aliuliza bila kugeuka, maana dirishani palikuwa na foleni. "Kaa, ule, ufanye kazi yako. Leo watu ni wengi."

Mzee wa usafi alikuwa chumbani pia. Watu walimwita Mzee Kung'ara, kwa sababu hakuondoka mahali mpaka sakafu imwonyeshe sura yake mwenyewe. Wakati huo alikuwa amefungua kabati la chuma, akipangusa vumbi mlangoni kwa kitambaa kikavu, kama alivyoruhusiwa kufanya kila mwezi. Ghafla sauti ikaita kutoka maabara, "Mzee! Chupa imepasuka huku, njoo upesi, watu wasije wakakanyaga vioo!" Mzee Kung'ara akachukua ndoo na fagio, akatoka mbio. Kabati likabaki wazi.

Chapuchapu akasimama mbele yake. Ndani palikuwa na visanduku viwili. Kimoja kilikuwa na antena mbili kama masikio ya sungura. Cha pili kilikuwa bapa, chenye matundu manane kwa mstari. Nyaya tano za kijivu ziliingia kwenye matundu matano. Kwenye tundu la sita uliingia waya wa bluu, lakini ncha yake ya pili ilikuwa inaning'inia hewani, haina pa kwenda.

"Kitambaa cha mzee kimeuchomoa huu," Chapuchapu akajiambia. "Ngoja nimsaidie." Akaishika ile ncha, akaichomeka kwenye tundu la saba. Ikalia klik, vizuri kabisa. Hata akatabasamu.

Kisha taa zikabadilika. Zilikuwa zikikonyeza moja moja, kila moja kwa wakati wake. Sasa zote ziliwaka na kuzimika pamoja, haraka haraka, kama zimepandwa na wazimu.

"Karani!" sauti ya daktari ikasikika kutoka chumba cha pili. "Kompyuta yangu imeganda!"

"Hata hii yangu," mama akajibu, akigongagonga kitufe. Kutoka dirisha la dawa mtu mwingine akalalamika vilevile.

Chapuchapu akanyoosha mkono auchomoe ule waya. Hakuwahi. Hatua zilisikika mlangoni, akajitupa kitini. Mzee Kung'ara aliingia na ndoo yake, akaona kabati wazi, akalisukuma likafungika. Nyuma yake akaja msimamizi wa kituo, mwanamume mrefu aliyetembea na bunda la funguo kiunoni. Akatia ufunguo kwenye kabati, akauzungusha, akautia mfukoni.

"Hakuna kugusa kitu mpaka fundi aseme," akaamuru. Akapiga simu, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

Fundi mitandao alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza na haraka ya mtu anayesubiriwa sehemu tatu kwa mpigo. "Kabla sijasogea hatua," alisema, "nijibuni jambo moja. Kuna mtu aliyegusa nyaya ndani ya kabati?"

Msimamizi akamtazama Mzee Kung'ara. "Mimi nilipangusa mlango kwa kitambaa kikavu," mzee akasema. "Waya sikugusa."

Mama akageuka. "Na wewe, mwanangu? Umegusa chochote humo?"

Macho ya watu watatu yakamwangukia Chapuchapu. Alijua jibu. Lakini aliiona sheria ya mama, akauona uso wa msimamizi, akakumbuka vicheko vya darasani, na ulimi wake ukafanya kama ulivyozoea, ukatangulia.

"Hapana."

"Basi kama hakuna aliyegusa, tatizo liko nje, kwenye laini," fundi akasema simuni. "Juzi upepo uliisogeza antena ya mnara. Nakwenda huko kwanza, nitapanda niiangalie. Nipeni saa moja na nusu."

Saa moja na nusu! Chapuchapu alihisi chumba kimesinyaa, kuta zimesogea, na hewa imekuwa nzito kama blanketi lililoloa. Msimamizi na daktari waliingia na kutoka, mama alisukuma kiti huku na huku, na mwishowe akamwambia, "Toka humu, unatuzibia njia. Kakae ukumbini, pale ukutani, nikuone kupitia dirisha. Usiende popote."

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka mlangoni. Nafasi pekee ilikuwa mwisho wa benchi la mbele, kati ya ukuta na bibi mmoja mnene aliyenyoosha mguu juu ya kigoda. Chapuchapu akajipenyeza. Bega moja likagusa ukuta wa baridi, la pili likagusa mkono wa bibi, uliokuwa wa moto kama pasi.

"Karibu mjukuu wangu, jibanebane tu," bibi akasema. "Mimi ni mpana, lakini siumi."

"Unaumwa nini, bibi?"

"Msumari. Nimeukanyaga Ijumaa, nikajitia ushujaa. Sasa tazama." Mguu ulikuwa umevimba na kung'aa hadi kwenye kifundo.

Daktari akaja, akainama mbele yake. Alikuwa kijana mpole, lakini paji lake lilikuwa na mikunjo. "Bibi, jitahidi kukumbuka. Ile sindano iliyokudhuru mwaka juzi ilikuwa dawa gani?"

"Nimekwambia, daktari. Ilikuwa nyeupe."

"Karibu zote ni nyeupe, bibi."

"Basi hiyohiyo. Nilivimba uso, koo likaziba, nikabebwa mzobemzobe. Jina lake limeandikwa kwenye faili langu. Lifungue uone."

"Faili halifunguki. Mtandao umekatika." Daktari akashusha pumzi. Alikuwa amepiga simu hospitali kuu mara nne. Mara mbili haikupokelewa, mara mbili aliambiwa asubiri, na alikuwa bado anasubiri. Gari la kituo lilikuwa limeondoka mchana na mama mjamzito. "Dawa ya mguu huu ninayo hapa, bibi. Lakini siwezi kukupa kwa kubahatisha. Nikikosea, tutakukosa."

Akaondoka. Bibi akashika tama. Chapuchapu akatazama sakafu. Maneno "tutakukosa" yalikuwa yakimzunguka kichwani, hayatoki.

Alijaribu kujifariji. Pengine ni laini kweli. Pengine waya wa bluu hauhusiki. Lakini aliziona tena zile taa zikikonyeza kwa wazimu, tena kwa sekunde ileile aliyosikia klik, na faraja yote ikayeyuka. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika ishirini. Akaitazama tena baada ya muda mrefu. Ilisema saa tisa na dakika ishirini na nne.

Ndipo akapata ujanja. Kama angeweza kufungua kabati kwa dakika moja tu, angechomoa waya, taa zingetulia, na hakuna ambaye angejua. Akainuka, akamfuata msimamizi kwenye ujia.

"Samahani, naomba ufunguo wa kabati. Kalamu yangu iliangukia humo."

"Kalamu yako itasubiri, kama wagonjwa wanavyosubiri," msimamizi akasema. Kisha akasita. Akamgeukia taratibu. "Iliangukiaje humo? Kwani kabati lilikuwa wazi?"

Chapuchapu akatazama viatu vyake. "Lilikuwa... lilikuwa wazi kidogo."

"Mzee aliliacha wazi?"

Akaitikia kwa kichwa. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomtia hofu zaidi, kwa sababu alimwona msimamizi akikaza midomo kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

"Asante mwanangu. Kakae."

Akarudi mahali pake kati ya ukuta na bibi. Sasa alikuwa amedanganya mara mbili, na uwongo wa pili ulikuwa umemshika mtu mwingine shati. Akitaka kusema ukweli, ingebidi aseme yote mawili. Kila dakika iliyopita iliuongezea mlango kufuli.

Bibi alianza kutetemeka. "Nisogezee khanga yangu, mjukuu. Mbona baridi imeingia?" Hakukuwa na baridi yoyote. Watu walikuwa wakijipepea kwa vyeti vyao. Chapuchapu akamfunika mabega, na vidole vyake vikahisi ule moto tena.

Saa kumi kasoro robo msimamizi akasimama katikati ya ukumbi. "Mzee, njoo hapa."

Mzee Kung'ara akaja, dekio mkononi.

"Uliniambia hukugusa waya. Hukuniambia kuwa uliliacha kabati wazi ukaondoka. Watu hamsini wamekwama hapa kwa sababu ya uzembe wako. Nipe funguo zako za stoo. Nenda nyumbani mpaka nitakapokuita."

Ukumbi ukanong'ona. "Kumbe ni huyu mzee!" mwanamume mmoja akasema kwa sauti. "Tumekaa tangu saa saba kwa ajili ya dekio lake!" Wengine wakasonya.

Mzee Kung'ara hakugombana. "Kabati niliacha wazi, ni kweli," alisema polepole. "Waya sikugusa." Akatoa funguo mfukoni, akampa msimamizi. Kisha akakamua dekio lake, akalitundika mahali pake, akageuza ndoo juu chini ili ikauke, kana kwamba ni jioni ya kawaida. Akaenda kuchukua koti lake kwenye chumba cha mafaili.

"Jamani, yule mwenzangu amefanya nini?" bibi akauliza kwa sauti dhaifu. "Si ndiye aliyenishika mkono saa saba, nisiteleze?"

Chapuchapu alikuwa amesimama. Hakukumbuka kuamua kusimama. Akapita katikati ya magoti ya watu, akaingia chumba cha mafaili. Mama alikuwepo, msimamizi alikuwa ameingia nyuma ya mzee, na mzee alikuwa na mkono mmoja ndani ya koti.

"Usiende, babu," Chapuchapu akasema. Kwa mara ya kwanza maishani mwake maneno yalikuwa yakimtoka moja moja. "Ni mimi. Nilichomeka waya wa bluu. Nilidhani umechomoka. Taa zikapata wazimu. Nikasema hapana. Tena hakuna kalamu. Hakuna kalamu yoyote humo."

Mama akaweka kiganja mezani, kama anayetafuta kitu cha kushika.

"Nilikuuliza," mama akasema. "Nilikuuliza ukinitazama."

"Ndiyo, mama."

Mama akageukia meza. Akachukua simu, akampigia fundi. Upepo ulivuma kwenye simu. Fundi alikuwa juu ya mnara.

"Laini yenu ni nzima kabisa!" fundi akapiga kelele. "Antena haijasogea hata unywele! Sielewi!"

"Sisi tumeelewa," mama akasema. "Mtoto wangu alichomeka waya kwenye kabati. Alinificha."

Fundi akauliza, "Yuko hapo? Mpe simu."

Chapuchapu akaishika simu kwa mikono miwili, akisubiri kufokewa. Lakini fundi alisema, "Usilie kwanza, kuna kazi. Utalia baadaye. Kabati limefunguliwa?"

Msimamizi alikuwa tayari ameuzungusha ufunguo. "Ndiyo, dada," Chapuchapu akajibu.

"Niambie unachokiona. Taratibu."

"Taa za kisanduku bapa zinakonyeza zote pamoja. Haraka sana."

"Sawa. Huo waya wa bluu ni wangu, huwa nachomeka kompyuta yangu nikija kupima. Ncha moja iko tundu la ngapi?"

"La sita."

"Na ya pili?"

"La saba. Ndiyo niliyochomeka mimi."

"Kwa hiyo ncha zote mbili ziko kwenye kisanduku kilekile. Haya. Shika ile ya tundu la saba. Kuna kikonyo kidogo cha plastiki, kibonyeze kwa kidole gumba, uvute. Usivute kwa nguvu. Usiguse kingine."

Alibonyeza. Akavuta. Waya ukatoka bila ubishi. Taa zikaendelea na wazimu wake kwa muda wa pumzi moja, kisha zikatulia. Moja ikakonyeza. Nyingine ikaijibu.

"Daktari!" mama akaita, macho kwenye kompyuta. "Linafunguka!"

Kutoka chumba cha pili kikasikika kiti kikisukumwa, kisha hatua za mtu anayekimbia. Daktari alipita na jina la dawa alilolinakili kwenye kiganja chake kwa kalamu. Dakika chache baadaye bibi alikuwa ndani, amechomwa sindano nyingine kabisa.

"Na hii je, si nyeupe?" bibi alisikika akiuliza.

"Hii ni ya manjano, bibi."

"Ah! Si ungesema hivyo tangu mwanzo?"

Fundi aliwasili baada ya nusu saa, suruali yake imejaa kutu ya mnara na mkono mmoja umechubuka. Alikagua kila kitu kabla ya kufungua mdomo. Kisha akaketi kwenye kiti cha plastiki, akamwita Chapuchapu asimame mbele ya kabati.

"Hiki bapa unakiitaje?"

"Sijui. Ruta? Kwani si vyote ni kitu kimoja?"

"Thubutu!" fundi akasema. "Sikiliza. Zamani hapa palikuwa na kisanduku kiitwacho habu. Habu haina akili. Fikiria mtu wa maabara amepata majibu ya mgonjwa mmoja, halafu anasimama ukumbini anayapayuka kwa wote. Kila mtu anasikia, anayehusika anachukua, wengine wanapuuza. Wawili wakipayuka kwa pamoja, maneno yanagongana, inabidi waanze upya. Ndiyo habu. Tuliitoa."

"Na hiki?"

"Hiki ni swichi ya mtandao. Hiki ni kama mama yako. Mama yako anajua daktari yuko mlango gani, dawa mlango gani. Karatasi ikija anaipeleka mlango unaohusika tu. Asipojua, anauliza milango yote mara moja, akijibiwa anakumbuka. Swichi inafanya hivyo kati ya kompyuta zilizomo humu humu ndani." Akagusa kisanduku chenye antena. "Na huyu ndiye ruta. Yeye ni dereva wa gari la kituo. Anajua njia za nje. Jambo likitakiwa kwenda hospitali kuu, kwenye mtandao mwingine, swichi inamkabidhi ruta, naye anatafuta njia."

Chapuchapu akavitazama visanduku viwili kama anayeviona kwa mara ya kwanza. "Sasa mimi nilifanya nini, dada?"

"Uliiunganisha swichi na yenyewe. Ikauliza milango yote, 'Daktari yuko wapi?' Swali likatoka tundu la sita, likapita kwenye waya wangu, likarudi kwa tundu la saba. Swichi ikadhani ni swali jipya. Ikauliza tena milango yote. Likatoka, likarudi. Maelfu ya mara kwa sekunde moja. Maswali yakajaa hata neno la kweli likakosa pa kupita." Fundi akaukunja waya wake. "Kosa hilo hata mafundi hulifanya. Mimi mwenyewe nimewahi. Lakini ungesema ndiyo nilipouliza, ningekwambia uuchomoe palepale. Dakika mbili. Nilipoambiwa hapana, nilikwenda kupanda mnara."

Akatazama mkono wake uliochubuka. Chapuchapu naye akautazama. Ndipo machozi yakamtoka.

"Nisamehe, dada. Nisamehe, babu."

Mzee Kung'ara alikuwa bado amesimama mlangoni, koti limemning'inia begani. Msimamizi alikuwa amekwisha kumrudishia funguo, tena kwa mikono miwili, akiomba radhi. Mzee hakuzitia mfukoni.

"Nimesamehe," alisema. "Wote wawili. Lakini mimi nilisemwa mbele ya watu. Wale watu wakienda nyumbani leo, wataondoka wakijua mimi ni mzembe na mwongo. Kusamehewa humu ndani hakuwafikii wao."

Msimamizi akainamisha kichwa. Chapuchapu akamtazama mama. Mama hakumwokoa. Alimfungulia mlango tu.

Ukumbi ulikuwa bado nusu umejaa. Foleni ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kutembea. Msimamizi alitangulia. "Ndugu zangu," alisema, "nilimshutumu huyu mzee bila kuchunguza. Nilikosea." Kisha akasogea pembeni. Mbele palibaki nafasi tupu, na Chapuchapu akaingia ndani yake.

Alitazama nyuso zile zilizochoka. Mwanamume aliyesema habari za dekio alikuwa bado pale. "Mtandao niliuharibu mimi," akasema. "Niligusa nilichokatazwa, halafu nikadanganya. Mzee hakugusa waya. Mlisubiri kwa sababu yangu. Naomba mnisamehe."

Mtu mmoja akasonya. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akatikisa kichwa. Lakini yule mwanamume akainuka, akaenda mpaka kwa Mzee Kung'ara, akampa mkono. "Samahani mzee wangu. Nilipayuka." Mzee akaupokea. Ndipo akazitia funguo mfukoni, akavua koti.

Saa kumi na mbili kasoro dakika chache, mama alipofunga dirisha hatimaye, walitoka kwa mlango wa nyuma. Walivuka barabara ya kwanza. Kwenye ya pili, wakisubiri magari yapite, Chapuchapu hakuvumilia tena.

"Mama, umenikasirikia?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu niligusa kabati?"

"Hilo lilinikera. Lakini una miaka kumi na miwili, una mikono na udadisi, na ni mimi niliyekuweka kiti karibu na kabati." Mama akamgeukia. "Kilichoniuma ni kwamba nilipokuuliza, ulikuwa na nafasi ya kumaliza jambo lote kwa neno moja. Ukachagua neno jingine. Hilo neno likamsimamisha bibi mlangoni mwa kifo, likampandisha fundi mnarani, likataka kummwagia mzee unga wake. Na wewe je, ulistarehe?"

Chapuchapu akatikisa kichwa. Alikumbuka ukuta wa baridi upande mmoja na mkono wa moto upande wa pili. "Nilikuwa kama nimefungiwa."

"Ulijifungia. Na hakuna mwingine ambaye angekufungulia, kwa sababu hakuna aliyejua umo ndani." Magari yakapungua. Mama akamshika mkono. "Kila mtu hukosea, mwanangu. Mimi hukosea, daktari hukosea, umemsikia fundi. Tofauti ni hii: mkweli husema kosa likiwa bado dogo, linashikika kwa vidole viwili. Ukilificha halilali, linakua, tena linakulia kwa watu wasiohusika. Siku nyingine nikikuuliza, usikimbilie jibu. Vuta pumzi kwanza, halafu unipe la kweli, hata kama litakuletea adhabu."

"Na adhabu ya leo?"

"Wiki mbili utamsaidia Mzee Kung'ara kudeki ukumbi kila jioni. Yeye ndiye atakayesema kama panang'ara."

Chapuchapu akavuta pumzi. "Sawa, mama," akasema, na wakavuka barabara.